Kwaya iliyokwama kati ya stesheni ya Tunduma na geti la Nakonde: uchambuzi wa kisa

Hiki kisa nimeruhusiwa kukiandika na viongozi wa kundi lenyewe kwa sharti kwamba majina, dhehebu na mji wanakotoka visitajwe, kwa hiyo humu utakutana na katibu, mwalimu wa kwaya, mama mlezi na mwenyeji, basi. Tarehe nimeziondoa pia. Mahali nimepaacha maana Tunduma haifichiki, na bila kuitaja kisa hakieleweki. Mimi kazi yangu ni kupangia makundi usafiri: kwaya, vikoba, timu za mpira, watu wa msiba. Kwenye kisa hiki niliingia jioni, kwa simu, mambo yakiwa yameshaharibika, halafu waliporudi tukakaa tukapitia yote toka mwanzo.

Mahali penyewe

Reli ya TAZARA inatoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi huko Zambia, kilomita 1,860. Ilijengwa kwa mkopo wa China kuanzia 1970, ikakabidhiwa rasmi 1976, na sababu kubwa ilikuwa shaba ya Zambia ipate njia ya kufika baharini bila kupita kwenye Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo. Kwa abiria wa nyanda za juu kusini hiyo ndiyo treni: inapita Mlimba, Makambako, Mbeya, Vwawa, ikifika Tunduma Tanzania imeisha, inavuka, kituo kinachofuata ni Nakonde na hapo tayari uko Zambia. Miji miwili imegusana kiasi kwamba mgeni anaweza asijue mmoja umeishia wapi. Wa huku wanaenda soko la kule, wa kule wanakuja maduka ya huku, Wanyamwanga wako pande zote mbili.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea, na nawaomba mnisome taratibu. Pale mpakani kuna njia mbili za kuvuka na taratibu zake hazifanani. Ukivuka ndani ya treni, maafisa uhamiaji wanakufuata humo humo kwenye behewa, wa Tanzania Tunduma, wa Zambia Nakonde, wewe umekaa na pasi yako mkononi. Ukivuka kwa barabara unapitia kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu, na pale utaratibu ni kwamba anayeenda Zambia anagongewa mihuri yote miwili upande wa Nakonde, anayekuja Tanzania anagongewa yote miwili upande wa Tunduma. Yaani huombi muhuri wa kutoka kwenu ukiwa kwenu, unavuka kwanza ndio unaenda dirishani.

Na stesheni haiko getini. Kati ya stesheni ya Tunduma na geti unahitaji chombo: bajaji, bodaboda, guta la mizigo, au Noah kama unayo ya kukodi. Njia hiyo inakutana na foleni ya malori ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na aliyewahi kupita Tunduma foleni ikiwa imeshona anajua bajaji inavyojipenyeza kati ya semi-trela mbili huku mguu wako uko nje.

Cha mwisho ni saa. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Na simu ukiwa Tunduma inaweza kudaka mtandao wa Zambia ukiwa hujatoka hata Tanzania, ikajibadilisha saa yenyewe kimya kimya.

Kundi na mpango wao

Walikuwa 31. Watu wazima 25, watoto 6 wa chini ya miaka 18, wote wa sauti ya kwanza. Walialikwa kwenye mkutano wa siku tatu kwenye mji mmoja wa mkoa wa Muchinga, kando ya Great North Road, yaani ukishafika Nakonde unaendelea kwa barabara, treni inakatia njia nyingine kwenda Kasama na haikufikishi. Vyombo walivyobeba ni kinanda, spika mbili kubwa, mikisa ya kuchanganyia sauti, ngoma na maboksi mawili ya sare.

Treni waliichagua kwa sababu nzuri. Nauli iko chini kuliko kukodi kosta, mzigo unakaa, watoto wananyoosha miguu, na watu wa umri wa mama mlezi magoti hayawezi kukunjwa kwenye basi siku nzima. Hilo sina ubishi nalo kabisa, na ningewashauri hivyo hivyo.

Katibu ndiye aliyefanya kila kitu. Alikusanya michango, akakata tiketi, akawasiliana na mwenyeji, akashughulikia pasi za kusafiria. Tiketi alikata za kuishia Tunduma. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu vizuri tu: "Kaka, mpaka si Tunduma? Nikajua tunashuka mpakani, tunavuka kwa miguu, gari la mwenyeji liko ng'ambo." Kwa mtu ambaye hajawahi kufika pale hiyo hesabu imekaa sawa kabisa.

Kwa mwenyeji alituma ujumbe mfupi WhatsApp kwamba treni inafika saa 10, watume gari. Basi. Hakuandika alasiri, hakuandika saa za wapi, hakuandika kituo gani.

Siku ya safari

Mwenyeji alisoma 10 akaelewa saa kumi kwa saa zao, yaani saa nne asubuhi kwa kuhesabu kwetu, ambayo huku Tanzania ni saa tano. Wazambia wanahesabu saa kwa mtindo wa 24, mtu akimaanisha saa zetu kumi za jioni anasema kumi na sita, kwa hiyo 10 kwake ni asubuhi bila swali lolote. Na kwa kuwa aliambiwa "treni inafika", akampeleka dereva wa kosta stesheni ya Nakonde, maana kwake treni inayoleta wageni inafika kwao. Kwa hiyo gari lilienda saa isiyo sahihi na kituo kisicho sahihi. Dereva alikaa pale toka asubuhi, mchana ukapita, akapiga simu ya katibu haipatikani kwa sababu katibu yuko kwenye treni maporini, mwisho akaondoka kwenda kwenye kazi nyingine aliyokuwa ameahidi. Simlaumu hata kidogo, gari la kukodi linaishi kwa kuzunguka.

Treni ilifika Tunduma jua linakaribia kuzama, baada ya ile saa 10 ya alasiri aliyokuwa ameikadiria katibu. Reli ni ya njia moja, treni zinasubiriana kwenye vituo vya kupishana, na safari ndefu namna hiyo saa moja na nusu au mbili kuongezeka si habari. Mpango wao haukuwa na nafasi hata ya nusu saa.

Wakashuka. Baridi ya Agosti ya pale inajulikana, upepo unapiga, watoto wamevaa fulana. Vijana wa bajaji wakawazunguka, kila mmoja ameshika begi la mtu. Mama mlezi ananisimulia kijana mmoja alimwambia, "Mama shikamoo, geti linafungwa sasa hivi, pandeni haraka mtalala nje." Maneno ya kuwaharakisha tu, lakini watu wamechoka, giza linaingia, nani atabisha?

Vijana tisa wa kwaya wakapanda bajaji tatu wakaondoka. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewakataza. Spika moja ikapandishwa kwenye guta na kijana mmoja akaambiwa aisindikize, guta likaenda na njia nyingine kukwepa malori. Waliobaki stesheni ni mama mlezi na watoto wote sita, mwalimu wa kwaya, katibu na wengine, na mzigo uliobaki. Mwalimu akataka wote wafuate. Mama mlezi akakaa chini juu ya boksi la sare akasema watoto hawa hawapandi kitu chochote mpaka nijue wanashukia kwa nani. Kukazuka mzozo mfupi, wenyewe wamenisimulia bila kuficha, mwalimu alipandisha sauti, mama hakunyanyuka.

Kwa muda unaozidi saa moja kundi lilikuwa vipande vitatu: tisa getini, mmoja na guta, ishirini na mmoja stesheni. Simu za waliofika getini zikadaka mtandao wa Zambia. Mmoja anaandika kwenye grupu "tuko hapa toka kumi na mbili", mwingine stesheni anaangalia saa yake anaona moja, anadhani wale wako pale saa nzima sasa. Salio likawaishia wengine kwa roming. Ndipo katibu akanipigia.

Maamuzi ya usiku ule, na kwa nini

Nilimuuliza maswali matatu tu: watoto wako wapi, pasi ziko kwa nani, na kuna mtu wa dhehebu lenu Tunduma? Watoto wako na mama. Pasi ziko kwenye mkoba wa katibu, zote, na hiyo ilikuwa bahati kubwa kwa sababu wale tisa getini wasingeweza kuvuka hata wangetaka. Na ndiyo, kanisa lao lina tawi Tunduma ila hawakuwaza kulitaarifu kwa kuwa hawakupanga kulala.

Tukakubaliana hivi. Hakuna anayevuka usiku. Wote wanarudi sehemu moja, na hiyo sehemu ni kanisani Tunduma. Watoto wanahama wa kwanza wakiwa na watu wazima wawili, kwa gari moja lililofungwa, sio bajaji. Guta litafutwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna mjumbe alipinga, akasema ng'ambo ndiko wanakotarajiwa, wakivuka usiku ule wataokoa siku. Mimi sikukubali na mpaka leo sikubali. Ng'ambo hawakuwa na gari, hawakuwa na kwacha, hawakuwa na laini ya simu inayofanya kazi, na lugha ya kuombea msaada ukishatoka Nakonde inabadilika. Tunduma walikuwa na vyote hivyo. Kundi lenye watoto likikwama linakwama upande ambao linajua kuuliza njia. Pia walikuwa na vifaa vya umeme ambavyo hakuna aliyeandika orodha yake, na kupeleka spika na kinanda kwenye dirisha la forodha usiku bila karatasi yoyote ni kujitafutia maswali ambayo huna majibu.

Mzee mmoja wa kanisa la pale Tunduma alifika stesheni na Noah yake ndani ya muda mfupi baada ya kupigiwa. Alienda nao trip tatu, hakuchukua hela. Guta lilipatikana limesimama karibu na geti, kijana wa kwaya amekalia spika yake kama alivyoagizwa, na mwenye guta akadai bei ya kusubiri juu ya bei ya kubeba, wakamlipa, alikuwa na haki yake.

Usiku ule kazi ilikuwa makaratasi. Walikaa ukumbini wakaandika majina yote na namba za pasi, halafu vyombo vyote kimoja kimoja na namba ya nyuma ya kila kifaa. Hapo sasa likaibuka la pili: watu wawili hawakuwa na pasi wala hati ya dharura ya kusafiria, walikuja na kitambulisho cha NIDA. Maelezo yao ni kwamba wana ndugu Tunduma ambao wanaingia soko la Nakonde kila siku na hawaulizwi kitu. Ni kweli watu wa mpakani wanaingia sokoni na kurudi, lakini kwenda sokoni Nakonde na kwenda kulala siku tatu ndani ya Muchinga ni vitu viwili tofauti, na Zambia haiko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mmoja wa hao wawili ndiye mpiga kinanda.

Mwalimu wa kwaya alitaka wajaribu tu, Mungu atafungua njia. Mama mlezi akasema Mungu alishafungua ofisi ya uhamiaji tokea mwezi uliopita wakati tunatangaziwa. Wakaamua wawili wabaki Tunduma kwa mzee wa kanisa. Uamuzi mgumu na ulikuwa sahihi.

Asubuhi ya kuvuka

Ujumbe mpya kwa mwenyeji niliuandika mimi, nitauweka mwisho. Asubuhi wakaenda getini kwa kosta ya kukodi badala ya bajaji kumi, wakashuka wote pamoja, mzigo wote pamoja. Kwa mazoea wakaenda kutafuta muhuri wa kutoka upande wa Tanzania, afisa akawaelekeza vizuri tu wavuke, kila kitu kiko jengo la ng'ambo. Hapo walipoteza dakika kama ishirini za kupanga foleni isiyo yao.

Upande wa Nakonde watu walipita haraka. Barua za wazazi wa watoto ziliulizwa na zilikuwepo, mama mlezi alizibeba kwenye bahasha moja na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kadi za chanjo ya manjano zilikuwepo pia. Kilichokula muda ni vyombo: lazima viandikwe kwamba vinaingia kwa muda na vitatoka, na orodha ya usiku ndiyo iliyowaokoa, afisa aliisoma akalinganisha namba ya spika na ya kinanda akakubali. Bila ile orodha sijui wangeanzia wapi.

Hela nayo ilitaka kuwaponza. Kijana wa kubadilisha fedha alimpa mhasibu kwacha zikiwemo noti za zamani, zile zenye sifuri nyingi za kabla ya 2013 Zambia haijafuta sifuri tatu. Kwa macho ya mgeni noti ya elfu hamsini ni hela nyingi. Dereva wa mwenyeji ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha, noti zinazotumika sasa haziandikwi maelfu namna hiyo. Zikarudishwa, kelele kidogo, wakaenda kubadilisha kwenye duka lenye risiti.

Saa sita na nusu mchana kwa saa zetu wakaondoka Nakonde.

Matokeo

Walifika jioni, ibada ya ufunguzi ilishapita. Waliimba siku mbili kati ya tatu, bila kinanda, na nimesikia rekodi, ngoma na sauti peke yake zimependeza kuliko nilivyotegemea. Kinanda kilivuka na kurudi bila kuguswa. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichopotea. Hela iliyozidi bajeti ilikwenda kwenye bajaji na guta za jioni ile, chakula cha usiku mmoja, kosta ya asubuhi, na fidia kidogo ya dereva aliyepoteza siku. Kwa kundi linaloishi kwa michango hiyo si ndogo.

Kurudi walipitia barabara mpaka Tunduma wakagongewa yote upande wetu, orodha ya vyombo ikalinganishwa tena, wakawachukua wenzao wawili na kuunganisha kosta ya Mbeya maana siku ile haikuwa ya treni. Treni ya abiria haipiti kila siku na ratiba yake haijui mkutano wenu unaisha lini, kurudi kupangwe peke yake.

Kilichofanya kazi

Naanza na mama mlezi. Kukaa chini kwake juu ya lile boksi ndiko kulikozuia kundi lote lisisambae, na nasisitiza kwa sababu kwenye kikao chao cha tathmini jambo hili lilitajwa kama ukaidi. Hapana. Watu 21 walibaki pamoja na watoto wote sita walibaki wanaonekana kwa sababu mtu mmoja alikataa kuharakishwa. Kila kundi lenye watoto linahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema hatuendi, na aseme hivyo bila kuomba kura.

Pasi kukaa sehemu moja ilisaidia safari hii, lakini msiifanye kanuni. Mkoba ule ungeibiwa pale stesheni kwenye ile purukushani wangekwama 29. Ningegawa kwa watu wazima wanne, kila mmoja na kikundi chake cha watu saba au nane anaowajibika nacho, na nakala za picha kwenye simu mbili tofauti.

Barua za wazazi, hilo walilifanya vizuri toka nyumbani na linastahili sifa.

Kilichofeli

Kamati yao ilimaliza kwa kumlaumu katibu. Mimi naona wamekosea, na niliwaambia. Mtu mmoja amepewa michango, tiketi, pasi, mawasiliano na mwenyeji na mzigo, halafu ana kazi yake ya mchana, atakosaje kuandika ujumbe wa maneno manne? Kipande cha kutoka stesheni mpaka gari la pili hakikuwa na mwenyewe. Treni ilikuwa na mwenyewe, mkutano ulikuwa na mwenyewe, lakini zile kilomita chache za katikati kila mtu alidhani zitajipanga. Na ndizo zilizokula usiku mzima.

Suala la tiketi lina pande mbili na nimelifikiria sana. Wangekata mpaka Nakonde, wangebaki wamekaa, maafisa wangewafuata behewani, wangeshuka wote kwenye uwanja mmoja ng'ambo na kosta ingewakuta pale stesheni, bajaji za Tunduma zisingewahusu. Kwa kundi la watu wazima wenye mabegi ya nguo ningesema Nakonde bila kusita. Lakini hawa wawili wenye NIDA wangegundulika ndani ya treni, usiku unaingia, na kushushwa peke yao. Vyombo navyo bado vingetaka karatasi. Na wangefika Nakonde giza limeingia halafu waanze safari ya barabara usiku na watoto. Kwa treni inayofika jioni, kwa kundi kama lile, mimi ningewakatia Tunduma vile vile, ila kwa kupanga: kulala Tunduma iwe kwenye ratiba na kwenye bajeti toka mwanzo, gari la kuwatoa stesheni liwe la mtu anayejulikana, na geti liwe shughuli ya asubuhi. Yaani tiketi ya katibu haikuwa na kosa, kilichokosekana ni usiku mmoja kwenye mpango.

Saa nayo niiongelee vizuri. Kulikuwa na matatizo mawili, moja limekaa juu ya jingine. La kwanza ni hiyo tofauti ya saa moja, ambayo ukikosea unapoteza saa moja tu. La pili ni namna ya kuhesabu, na hilo ndilo linaloua, kwa sababu kosa lake ni la saa sita nzima. Hawa walipata yote mawili kwa pamoja. Mkiwa pale wekeni saa ya simu kwa mkono, muizime ile ya kujibadilisha, na kundi zima litumie saa za Tanzania mpaka mtu wa mwisho agongewe muhuri. Baada ya hapo kiongozi anatangaza, wote wanarudisha saa nyuma kwa pamoja.

Wale vijana tisa siwalaumu sana. Waliposhuka hakuna aliyesimama kusema tunakutana pale chini ya ule mti, hakuna anayeondoka. Kwenye stesheni ya mpakani dakika tano za kwanza ndizo zenye kazi, maana wenye bajaji wamekuja kibiashara na wana haki ya kuwahi wateja, kundi lisilojua linaenda wapi litaenda wanakotaka wao. Maneno ya kuwapanga watu yanasemwa ndani ya behewa, Vwawa mkishaiacha, sio chini.

Ujumbe uliotumwa kwa mwenyeji

Huu ndio ulioenda usiku ule. Niliuandika kwa Kiingereza ili mwenyeji na dereva wake wausome bila mkalimani, hapa nauweka kwa Kiswahili. Kwaya wameuchapa na kuuweka kwenye faili lao kwa safari nyingine:

"Mchungaji, bwana asifiwe. Tumelala Tunduma, upande wa Tanzania, wote tuko salama. Tuko watu 29, wakiwemo watoto 6, na vyombo vya muziki. Hatuji kwa treni. Tunavuka kwa barabara kesho asubuhi. Tafadhali gari lisiende stesheni ya Nakonde, lisimame nje ya geti la kutokea la kituo cha mpakani upande wa Zambia. Tunatarajia kumaliza forodha saa 11:00 kwa saa za Zambia, ambayo ni 12:00 kwa saa za Tanzania. Tukichelewa, dereva asiondoke kabla ya 14:00 saa za Zambia, muda wa kusubiri tutaulipa. Naomba namba ya dereva, rangi ya gari na namba zake. Mtu wetu wa kupokea gari atakuwa amevaa koti la njano na atanunua laini ya Zambia akishavuka, namba yake tutaituma hapo hapo."

Dereva alijibu kwa picha ya kosta yake ikiwa na namba inayosomeka, na chini yake ameandika: 10:30 niko hapo.